Mtaro wa Barabara ya Maswa

JUMAMOSI, SAA TISA NA NUSU ALASIRI

Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, na ndiyo maana Novatus alikichagua chumba kile cha nyuma. Mwenye kutega sikio ukutani angesikia mahindi tu.

Walikuwa wanne. Novatus mwenyewe, bosi, mtoto wa mjini Mwanza, shati limepigwa pasi kama anakwenda kuposa. Thomasi wa Kimali, pande la mtu, aliyewahi kuwa mgambo akafukuzwa kwa kupiga watu zaidi ya alivyoagizwa. Januarius, dereva, asiyesema sana kwa kuwa mdomo wake siku zote ulikuwa na sigara. Na Ngassa, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuiba hata kuku.

Ngassa alikuwa fundi wa barabara. Miaka kumi na minane alikula mshahara wa serikali, mpaka walipokuja watu wenye tai wakasema huu sasa ni wakati wa soko huria na watu wapunguzwe. Akapunguzwa. Ushirika nao ukafa, pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi wenye magari mapya, na Bariadi nzima hakupatikana mtu aliyemhitaji fundi ajuaye kuziba shimo likazibika. Huu mwaka wa tisini na sita ulikuwa wa pili bila kazi. Mke wake, Kwandu, alikuwa bado anawaambia majirani kuwa mumewe ana kibarua mahali. Uongo huo wa mkewe ndio uliomchoma. Njaa angeivumilia, lakini aibu alishindwa nayo kabisa.

Novatus alichukua mkaa akachora mstari kwenye gunia.

"Landrova ya kampuni ya pamba. Jumanne asubuhi inatoka Maswa kuja hapa Bariadi na hela ya msimu. Dereva mmoja, njagu mmoja mwenye bunduki. Basi."

Akaweka alama katikati ya mstari.

"Hapa ndipo kile kipande cha lami kinapoanza. Wale wa mabomba ya maji wamekata barabara, wamepitisha bomba, wamefukia kama paka anavyofukia mavi yake. Kila gari linarushwa. Kila mtu analalamika. Wakitokea mafundi wa kuziba, nani atawauliza kitu?"

"Hakuna," alisema Thomasi.

"Mafundi ndio sisi. Mzee, waeleze."

Mzee alikuwa Ngassa. Akakohoa. Mara ya mwisho watu kumsikiliza akieleza kazi yake ilikuwa zamani, na, tusidanganyane, alifurahi.

"Mtaro wa barabara unafukiwa tabaka kwa tabaka. Unaweka udongo wa shibiri moja hivi, unanyunyiza maji, unashindilia. Unaweka mwingine, unashindilia. Ukikaribia juu unaweka moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, halafu lami. Hapo hata lori la pamba likipita, chai ya dereva haimwagiki."

"Na ukitaka imwagike?"

"Pale pote ni mbuga. Udongo mweusi ule ukilowa ni uji. Nikiujaza mbichi bila kushindilia, nikaufunika na lami ya vidole viwili, utaona barabara safi. Kwa mguu hujui kitu. Landrova yenye mzigo itazama mpaka ekseli."

Januarius akatoa sigara mdomoni. "Na magari mengine?"

"Kazi hii hufanywa nusu kwa nusu. Upande mmoja unazibwa kwa mapipa, mwingine unapitisha watu. Mwenye bendera ndiye anayesema nani apite wapi."

Novatus akacheka, akampiga Ngassa begani.

"Sikieni akili hiyo! Na serikali ikaitupa."

"Nina sharti," alisema Ngassa. "Damu hapana. Na nyumbani kwangu wasijue. Hata siku moja."

"Damu hapana," alisema Novatus, na akaapa kwa kaburi la mama yake. Mama yake huyo alikuwa mzima wa afya, anauza dagaa Kirumba, lakini Ngassa angelijuaje hilo?

JUMATATU, SAA MOJA ASUBUHI

Walifika na pikapu ya Datsun, mapipa manne, sururu, karai, pipa la lami na kibao kilichoandikwa KAZI BARABARANI. Kofia za plastiki kichwani, vitambaa usoni. Moshi wa lami ni mkali, hakuna anayeshangaa fundi kujifunga uso.

Na kweli hakuna aliyeshangaa. Kwanza walishukuriwa.

"Mwangaluka!" aliita mwalimu mmoja kwenye baiskeli. "Afadhali mmekuja. Shimo hilo limenivunjia spoku tatu. Wabeja sana!"

Ngassa alijibu salamu akiwa ameinama. Aliona haya kama mtu anayesifiwa kwa mtoto asiye wake.

Upande wa kwanza aliufanya sawasawa. Alichimbua kifusi chote cha wale wa mabomba, akalifunika bomba kwa mchanga, akaanza kurudisha udongo, tabaka, maji, chuma cha kushindilia, tabaka, maji, chuma. Kufikia saa sita alikuwa bado hajafika juu. Novatus alitembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mzee, unajenga kanisa?"

"Upande huu watapita watu."

"Upande huu tutauacha kesho!"

"Wewe utauacha. Wenyewe watabaki nao."

Novatus alimtazama, akatema mate, akaondoka. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wahenga, lakini hawakusema kazi nzuri ndani ya mchezo mbaya inaitwaje. Ngassa alishindilia, na kwa saa chache hizo alisahau kabisa kwamba yeye ni jambazi.

Alikumbushwa saa nane mchana. Alikwenda kwenye pikapu kuchukua karai, akasogeza gunia, akakuta chuma cha namna nyingine. Bunduki ya SMG, magazini imejaa.

"Ina risasi," alimwambia Thomasi.

"Ulitaka niwatishe kwa ufagio?"

"Tulisema damu hapana."

"Ulisema wewe."

Alimfuata Novatus, na Novatus akatabasamu, akasema ni ya kutisha tu, mzee, hata mimi naogopa mlio wake. Ngassa alijua anadanganywa. Mtu mzima hudanganywa pale anapokubali, naye alikubali. Angeweza kutupa koleo akaenda zake. Hakwenda. Aliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu kuliko alivyoogopa ile bunduki, na huo ndio ukweli wake.

Jioni wakaufanya upande wa pili. Walichimba kina cha mapaja, wakamwaga udongo mweusi na madebe ya maji. Mara mbili mikono ya Ngassa ilinyanyua chuma cha kushindilia yenyewe, kwa mazoea, na mara mbili Thomasi akamcheka.

"Mzee, kilaze hicho. Leo kimepumzishwa kazi kama wewe."

Alimwaga moramu kidogo juu, kisha lami ya vidole viwili, akailainisha kwa mgongo wa koleo. Ilipendeza. Ulikuwa uongo mzuri kuliko wowote aliowahi kuutengeneza, na kabla jua halijazama walikuwa wameuzungushia mapipa.

JUMANNE, SAA TATU KASORO DAKIKA KUMI ASUBUHI

Januarius alisimama na bendera, sigara imezimika mdomoni. Thomasi alikaa nyuma ya mapipa, gunia mapajani. Novatus alishika karatasi kama mkaguzi. Datsun ilielekezwa Maswa, nyuma ya bendera, tayari kukimbilia njia ya kukatiza kwenda Lingeka.

Kazi ya Ngassa ilikuwa moja. Gari likizama, afungue mlango wa nyuma kwa mtaimbo, ashushe masanduku. Dakika tatu.

Lilipita basi la Shinyanga, upande mzuri. Likapita kokoteni la ng'ombe, upande mzuri. Wapanda baiskeli wawili wenye mafurushi ya pamba, upande mzuri, wakapunga mkono.

SAA TATU NA DAKIKA KUMI NA MBILI

"Linakuja," alisema Januarius.

Vumbi kwanza, halafu Landrova nyeupe. Januarius akasogeza mapipa, akaziba upande mzuri, akafungua ule mwingine. Akapunga bendera taratibu, kama mfanyakazi wa serikali aliyechoka.

Dereva aliinua mkono kushukuru. Akaingia.

Lami ikapasuka kwa mlio mdogo tu, na magurudumu ya mbele yakatoweka. Pua ya gari ikapiga ukingo wa mtaro. Askari akagonga kichwa kwenye kioo, na kabla hajajua yuko wapi Thomasi alikuwa amefungua mlango, amemvuta, amemlaza kifudifudi na kuinyakua bunduki yake.

"Dereva, chini! Chini!"

Dereva, mtu mnene aitwaye Malimi, alishuka, akalala kando ya askari.

"Mzee!" Novatus aliita. "Mlango!"

Ngassa aliingiza mtaimbo, akauegemea. Kufuli likaachia. Mlango ukafunguka.

Ndani kulikuwa na masanduku mawili ya chuma. Na juu ya benchi la pembeni, kikapu mapajani, alikaa mama mmoja aliyepita umri wa makamo, amejifunga khanga mbili.

Gari la hela halipandishi abiria, kila mtu anajua. Lakini Malimi alikuwa mtu wa Nkololo, na huyu alikuwa mama wa Nkololo aliyemkuta Maswa kando ya barabara, anatoka kumuuguza dada yake. Kumpita mama wa kwao na kiti kipo, Malimi asingeweza. Mama huyo alikuwa Milembe, mama yake Kwandu. Mama mkwe wa Ngassa.

Sasa, uso wa Ngassa ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka machoni. Kofia imeshuka kwenye nyusi. Mwili wote vumbi na lami. Hata Kwandu angempita bila kumjua. Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono, kushika sanduku na kuvuta.

Mwili wake haukufanya hivyo. Msukuma akikutana njiani na mama mkwe wake hapiti mbele yake, wala hamkodolei macho. Hutoka njiani, akageuka pembeni, akangoja apite. Ngassa alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini, sokoni, kisimani, misibani. Akafanya hivyo hata pale. Aliuweka mtaimbo chini, akarudi nyuma hatua tano, akashuka kwenye mfereji wa kando ya barabara, akachuchumaa na kuwapa kisogo.

Alipogundua alichokifanya, moyo ukamfa.

Ndani ya gari, Milembe naye mkono wake ulikuwa umeshavuta khanga na kuufunika uso, kama mkwe wa kike wa heshima zake anavyofanya, kabla akili yake haijamuuliza kwa nini. Kisha akaelewa. Jambazi gani duniani anatoka njiani kumpisha mama wa watu?

"Mayu wee," alisema taratibu.

"Mzee, una wazimu?" Novatus alifoka. "Kuna nini?"

Aliyejibu alikuwa Thomasi. Msukuma wa Kimali hafundishwi mila.

"Bosi. Huyo ni mkwe wake."

"Mkwe nini?"

"Mama mzaa mkewe. Na ameshamjua. Angalia alivyojifunika."

Novatus alitazama mfereji, akatazama gari. Lile tabasamu la shati lililopigwa pasi likaisha.

"Anamjua jina. Anamjua kwake. Mchana polisi wapo kwake, jioni wapo kwangu." Akapunguza sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mmalize huyo mama."

Ngassa alisikia. Na hapa nitasema kitu ambacho mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Kwa muda wa pumzi moja, akiwa amechuchumaa kwenye mfereji ule, alitaka litokee. Afe. Apone yeye na jina lake, Kwandu alie msiba bila kujua, majirani waje na michango yao, naye akae kwenye mkeka akipewa pole. Aliona yote hayo, mpaka mkeka. Kisha akaona ni yeye aliyeyaona.

"Bosi," Thomasi alikuwa anasema, "mkwe wa mtu huyu. Ni laana hiyo."

"Laana ya nani? Piga!"

Ngassa akainuka. Alipanda ukingo, akapita mbele ya mtutu kama haupo, akafika kwenye mlango wa gari. Akavua kitambaa. Na akafanya jambo ambalo hata pombe haikuwahi kumtuma mkwe kulifanya. Alimtazama mama mkwe wake usoni, akamgeuzia mgongo na kuinama.

"Mayu, mama yangu, panda."

"Usiniguse!" Milembe alirudi nyuma kabisa kwenye benchi. "Mwanangu, usiniguse, ni mwiko!"

"Nitaubeba mwiko. Panda."

Akamshika mikono yote miwili, akamweka mgongoni kama mtoto, kikapu kikaanguka. Akaanza kutembea. Hakukimbia, maana mama alikuwa mzito. Alishuka mfereji, akapanda upande wa pili, akaingia kwenye shamba la pamba iliyokwisha kuchumwa.

Thomasi alikuwa amemlenga. Kidole kilikuwa mahali pake. Watu aliwahi kuwapiga wengi, lakini mtu aliyembeba mama mkwe wake mgongoni hakuwahi kumwona, na mwili ulimsisimka mpaka kichwani.

"Siwezi, bosi."

Novatus akampokonya bunduki. Akalenga chini, miguuni mwa Ngassa, ili waanguke wote wawili. Risasi ya tatu ndiyo iliyompata Ngassa pajani. Akaanguka kifudifudi, mama juu yake, naye Ngassa akatambaa mpaka akamfunika kwa mwili wake.

Ndipo honi ikalia kutoka upande wa mjini. Lori la pamba, tupu, linarudi vijijini, vibarua kumi na tano wamesimama nyuma. Wakaona yote. Wa kwanza akapiga yowe, na yowe la Usukumani haliishii mdomoni mwa aliyeanza. Likapokelewa na wavunaji, likapokelewa na wachungaji, likaenda mji hadi mji.

Novatus aligeuka kuitafuta pikapu, akakuta vumbi lake. Januarius alikuwa ameshatupa bendera na kuondoka zamani, peke yake, bila neno. Bosi na Thomasi wakanyanyua sanduku moja kati yao, wakaingia porini wakilikokota. Sungusungu waliwapata kabla ya saa nne, sanduku wamelitupa na Novatus kiatu kimoja hana.

SAA NNE NA ROBO

Baada ya wale wengine walimrudia Ngassa, wakafuata damu yake shambani. Watu zaidi ya hamsini, fimbo, mapanga, mishale. Mmoja alikuwa tayari ameinua shoka.

"Jambazi huyu hapa!"

Milembe aliinuka kutoka kwenye mabua ya pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Akasimama kati yao na yule mtu, akampa kisogo Ngassa kama inavyotakiwa, akaivuta khanga kichwani.

"Msimguse."

"Mama, huyu ni mwizi!"

"Najua ni nini. Ni mkwe wangu. Atakayempiga aanze na mimi."

Shoka likashuka. Minong'ono ikapita, mkwe wake nani, mkwe wa wapi. Ngassa alilala akisikiliza, paja linawaka, na alijua jambo aliloliogopa kuliko kifo limeshafika.

Au halijafika. Polisi aliyeletwa kutoka mjini na lile lori alimpekua mfukoni, akatoa kibali cha kazi, moja ya karatasi bandia ambazo Novatus aliwagawia wote. Akasoma.

"Hapa pameandikwa Paulo Shija wa Nyegezi. Mama, una hakika ni mkwe wako? Au umechanganyikiwa na mshituko?"

"Nina hakika."

"Anaitwa nani?"

Milembe aliikaza khanga kichwani.

"Mama. Jina."

"Silitaji. Jina la mkwe halipiti mdomoni mwangu."

"Hii ni kazi ya serikali."

"Hata serikali ina wakwe zake."

Watu wawili watatu walicheka, wakanyamaza haraka. Yule polisi alikuna kichwa kwa kalamu. Alikuwa Msukuma naye, asingemlazimisha. Akaitazama karatasi tena, halafu akamtazama Ngassa.

"Basi nitaandika la kwenye kibali. Wewe ndiye Paulo Shija?"

Mlango ulikuwa wazi. Ngassa aliuona vizuri. Paulo Shija angefungwa, Paulo Shija angelaaniwa Bariadi nzima, na Kwandu angeambiwa mumewe amekwenda machimboni kutafuta riziki. Mama yule asingemsaliti, alilijua hilo. Ila wangesema ni bibi aliyechanganyikiwa aliyemwita jambazi wa Nyegezi mkwe wake, na watoto wangemcheka kisimani mpaka anaingia kaburini.

Akajiinua kwa kiwiko.

"Karatasi hiyo ni ya uongo. Mama anasema kweli. Naitwa Ngassa, mwana wa Machibya. Nakaa hapa hapa Bariadi. Mke wangu ni Kwandu. Mtaro huo niliufukia mimi. Andika."

Polisi akaandika. Milembe hakugeuka, kwa kuwa haikumpasa kugeuka, lakini mabega yake yalianza kutikisika chini ya khanga, na watu wote wakamwona.